Wakuu tupange siku nzima ya tamasha la mziki la wazi: nina bi mkubwa mwenye presha, watoto wawili na ratiba ya masaa tisa

MpendaNgoma (mwanzisha uzi):
Habari za muda huu wanajukwaa. Kuna tamasha la mziki linakuja, la kijamii, linafanyika uwanja wa wazi, linaanza saa tano asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kuna steji kubwa, kuna nyingine ndogo pembeni chini ya miti, na kuna kona ya watoto. Ratiba wameshaitoa: asubuhi kwaya na watoto wa shule, mchana vikundi vya ngoma na madogo wanaochana (wanaorap), jioni bendi za vijana, kuanzia saa kumi na mbili na nusu ndo inapanda bendi kubwa ambayo kila mtu anaisubiri.

Tunaenda mimi na mke wangu, watoto wetu (mmoja miaka 9, mwingine 4), bi mkubwa (yaani mama yangu) ambaye ana presha ila kwaya haiachi hata kwa dawa, na washkaji kadhaa watakuja kwa muda wao.

Sasa kila ninayemuuliza ananiambia nenda saa kumi na moja jioni, huko mchana hamna kitu. Mi hilo silikubali kabisa. Bendi kubwa naweza kuiona siku yoyote sehemu nyingine, lakini wale wamama wa kwaya waliojifunza miezi, yule kijana anayepanda steji kwa mara ya kwanza mbele ya majirani zake, hao nitawaona wapi tena? Tamasha la jamii ni lao hao, na wakipiga mbele ya nyasi tupu inaniuma. Kwahiyo nataka tuwepo tangu saa tano na tumalize mpaka mwisho bila mtu kuzimia, kulia wala kugombana. Hapo ndo naomba mawazo yenu, hasa mlioshinda kwenye haya matamasha na familia, mnapangaje?

Besi Nzito:
Mkuu umeanza vizuri, na mimi niko upande wako kuhusu mchana. Ila masaa tisa mfululizo mbele ya steji haiwezekani kwa mtu yeyote achilia mbali mtoto wa miaka 4, kwahiyo usiipange siku kama unapanga kuona kila kitu. Fanya hivi, chukua ratiba mkae wote mezani kila mtu achague kitu kimoja tu ambacho akikikosa atasikitika. Kimoja. Bi mkubwa atachagua kwaya, wa miaka 9 labda ngoma, mama watoto na wewe chenu. Hivyo ndo vinakuwa nguzo za siku na muda mwingine wote ni wa kuzurura, kula, kulala kwenye mkeka, kusikiliza kwa mbali. Mkikuta kitu kizuri njiani mnasimama, mkichoka mnakaa, hakuna anayemvuta mwenzake mkono.

Alafu uielewe ratiba inavyofanya kazi. Kati ya kundi na kundi kuna kubadilisha vyombo, hapo kwaya inaondoa maiki zake, bendi inaingiza drams, fundi anapima kila waya upya, dakika 15 mpaka 30 zinaenda hivihivi. Kundi la kwanza likichelewa dakika 10 basi wa saa nane anaweza akapanda saa tisa kasoro. Na mwisho wa siku huwa hausogei maana kibali cha kelele kina saa yake, kwahiyo muda uliopotea unakatwa kwa walioko katikati. Kama kuna kikundi cha jioni mnakipenda msifike dakika ileile iliyoandikwa, fikeni mapema kidogo muulize pale pembeni ya steji nani anafuata.

Vyoo: watu wote wanaenda wakati vyombo vinabadilishwa. Nyie nendeni katikati ya onyesho msilolijali sana, foleni inakuwa fupi. Chakula hivyohivyo, kuleni nusu saa kabla ya muda ambao kila mtu anakula.

mama_wawili:
Kaka mimi nakujibu kuhusu watoto tu maana hapo ndo pana kazi.

Asubuhi kabla hamjatoka mpige kila mtoto picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo, mwili mzima mpaka viatu. Mtoto akipotea mzazi anachanganyikiwa, ukiulizwa kavaa nini unasema nguo ya bluu kumbe ni ya kijani, ukiwa na picha unamwonyesha tu mtu wa ulinzi. Pili andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto, sehemu ya ndani karibu na kiwiko, kwa kalamu isiyofutika, au kwenye bangili ya karatasi ambayo huwa wanagawa getini. Jina la mtoto usiliandike mahali pa kuonekana, mtu asiyemjua asije akamwita kwa jina.

Tatu, mkifika tu, kabla ya mziki, tembeeni nao mkawaonyeshe walinzi wamevaa fulana gani na hema la huduma ya kwanza liko wapi. Wa miaka 9 anaelewa kabisa ukimwambia ukiona hatupo simama hapohapo usitutafute, ukiona dakika zinaenda mfuate mtu wa fulana hiyo au mama yeyote mwenye watoto wake. Wa miaka 4 haelewi, huyo ni wa mkono kwa mkono, na mnapeana zamu kwa mdomo: "sasa yuko kwako." Muitikie kabisa "yuko kwangu." Watoto wengi wanapotea pale ambapo baba anadhani yuko na mama na mama anadhani yuko na baba.

Na mchana alale, asipolala huyo mdogo saa kumi na mbili utaijua siku ilivyo ndefu. Tafuteni kona mbali na spika, mkeka, kitambaa chepesi cha kumfunika miguu, hata kama hasinzii apumzike saa nzima.

FundiMixa:
Nimekaa kwenye mixa (mashine ya kupangia sauti za mziki) za nje muda mrefu kwahiyo niwape ya upande wa sauti maana watu wanakaa popote halafu wanalalamika mziki mbovu.

Sehemu yenye sauti nzuri kuliko zote uwanjani ni pale karibu na fundi mitambo, lile banda au meza yenye mixa inayotazamana na steji. Sababu ni rahisi, fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale alipo, kwahiyo ukikaa nyuma yake kidogo au pembeni yake unasikia kile anachokisikia yeye, maneno ya mwimbaji yanatoka safi, gitaa halijafunikwa. Ukienda mbele kabisa pembeni unapata besi inakupiga kifuani na sauti ya mwimbaji huisikii vizuri.

Kuna kitu nawaambiaga watu wakiangalie, kaeni mbali kidogo kama mita 100 mtazame mpiga drams. Utaona fimbo imeshuka imegusa ngoma, mkono umeshaanza kupanda tena ndo mlio unakufikia. Sauti hewani inakimbia kama mita 340 kwa sekunde, kwa mita 100 inachelewa karibu theluthi ya sekunde. Ndo maana viwanja virefu vinawekewa spika za nyuma na zile tunazichelewesha makusudi zisubiri sauti ya mbele, bila hivyo watu wa nyuma wangesikia kila neno mara mbili. Mtoto wa miaka 9 ukimuonyesha hiyo fimbo atafurahi sana.

Sasa masikio, na hapa naomba msinichukulie poa. NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya afya kazini, kikomo chao ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unakatwa nusu. 88 masaa manne, 91 masaa mawili, ukifika 100 umebaki na dakika 15. Tamasha la nje mbele ya spika hizo 100 zinafika bila shida. WHO, Shirika la Afya Duniani, nao mwaka 2022 walitoa viwango vya kumbi na matamasha, wakasema wastani usizidi desibeli 100 na watu wapewe vizibo vya masikio na sehemu tulivu ya kupumzikia. Kelele ikishaua zile nywele ndogo za ndani ya sikio hazioti tena.

Nje una msaada mmoja, umbali. Kwa spika ya kawaida ukiongeza umbali mara mbili kelele inashuka kama desibeli 6. Yaani kutoka mita 10 kwenda 20 tu tayari umejiongezea muda salama mara nne. Watoto wasikae karibu na spika hata kwa dakika za kupiga picha, na wavae zile za kufunika sikio zima kama za mafundi wa mashine. Wakubwa vizibo vya sponji vinatosha.

MpendaNgoma:
FundiMixa asante sana, hilo la fimbo tutaliangalia. Hivyo vizibo vya sponji mke wangu anasema alishajaribu vinatoka vyenyewe na havizuii chochote. Na kingine, kama mchana nikichagua sehemu ambayo sauti ni ya wastani, usiku itabaki hivyohivyo?

FundiMixa:
Vikitoka ujue havijaingia. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, alafu mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma, tundu linanyooka, ingiza haraka ukishikilie kwa kidole mpaka kivimbe, hesabu taratibu mpaka thelathini. Kikikaa vizuri sauti yako mwenyewe inabadilika inakuwa inavuma kichwani. Mikono iwe misafi.

La pili umeuliza jambo la maana. Hapana, haibaki hivyohivyo. Mchana ardhi ina joto na sauti inapinda kwenda juu, inawapita walioko nyuma. Jua likizama ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu na sauti inapinda kurudi chini, inasafiri mbali zaidi. Juu ya hapo bendi kubwa inapigwa kwa nguvu kuliko kwaya. Upepo nao ukitoka upande wa steji kuja kwenu unaiongeza. Kwahiyo ile kona mliyolaza mtoto saa nane inaweza ikawa na kelele saa moja usiku, panga kuhama.

NesiWaZamu:
Nimekuwa kwenye mahema ya huduma ya kwanza ya shughuli kama hizi na wagonjwa tunaowapata wanafanana: jua, maji, miguu. Walioumizwa na kitu kikubwa ni wachache.

Kwa bi mkubwa. Dawa zake za presha anywe kama kawaida asubuhi, asiache eti leo kuna safari, na za ziada ziwe kwenye pochi yake sio kwenye begi la gari. Lakini kabla ya siku yenyewe mpitie kliniki anakohudhuria muulize, kwa sababu baadhi ya dawa za presha ni za kukojoza, zinatoa maji mwilini, na akikaa juani masaa mengi anaweza kuishiwa nguvu au kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Wao ndo wanajua anatumia ipi. Na wazee wengi huwa hawasikii kiu mapema, wengine wanajizuia kunywa maji makusudi kwa sababu wanaogopa vyoo vya uwanjani. Hili la vyoo mumuulize kwa heshima mapema, mmuonyeshe kilipo kilicho karibu na kisafi, mkeo amsindikize, utaona atakunywa.

Kivuli. Usichague kivuli cha saa tano, chagua cha saa nane. Jua kali ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni na kivuli kinahama. Mkikaa upande wa magharibi wa mti kwa sababu asubuhi pana kivuli, mchana ukigeuka mtajikuta mmeanikwa. Kaeni upande wa mashariki wa mti, asubuhi mtavumilia kidogo kwa mwavuli na kofia, lakini kuanzia saa saba kivuli kinawajia na kinazidi kurefuka. Losheni ya kukinga jua kipimo cha 30 na kuendelea, mnajipaka tena kila baada ya masaa mawili, na mkijifuta jasho pakeni tena.

Maji kunyweni kidogo kidogo muda wote, msisubiri kiu, na mle pia, maana ukitoka jasho sana ukanywa maji matupu bila kula mwili unapungukiwa chumvi. Pombe juani inakausha, washkaji waambie mapema.

Dalili nawaomba mzikariri. Mtu akiwa na kichwa kinauma, misuli inakaza, jasho jingi, ngozi imepauka, kichefuchefu: mtoe juani, mlegezee nguo, maji ya kunywa taratibu, mlowanishe shingo na kwapa, mpepee. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka, anayumba, mwili wa moto sana, au amepoteza fahamu, hiyo ni dharura. Mmoja akimbie kuita huduma ya kwanza, wengine mmwagieni maji na kumpepea hapohapo bila kusubiri, na asipewe kitu mdomoni kama hajitambui vizuri.

KijanaWaMbele:
Wadau mnaongea kama tunaenda hospitali lol. Mi mshkaji wake MpendaNgoma, nataka bendi kubwa tuwe mbele kabisa tumeshika chuma cha uzio wa steji. Mziki wa kukaa kwenye mkeka sio mziki. Vipi hapo, tunafikaje mbele?

Besi Nzito:
Hata mi napenda mbele mdogo wangu, raha yake haielezeki, kwahiyo nakujibu kabisa. Mbele unaingia kwenye onyesho moja kabla ya bendi yako, ukipitia pembeni, sio kwa kusukuma watu katikati. Nenda umeshakunywa maji, umeshaenda chooni, viatu vya kufunika vidole, begi umeacha kwa wenzako.

Lakini uijue hatari yake. Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, vijana 9 walikufa mbele ya steji kwa kubanwa na kuanguka. Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, watu 21 walikufa mahali pa kuingilia palipokuwa pembamba, na hapo wala hapakuwa mbele ya steji. Watu wakibanana wengi wanaokufa wanakosa hewa wakiwa wamesimama, kifua hakina nafasi ya kutanuka. Wataalamu wa umati wanasema ikishapita watu watano kwa mita moja ya mraba mambo yanaanza kuwa mabaya.

Kipimo chako we mwenyewe: kama unaweza kuinua mikono ukajikuna uso bila kumgusa mtu, uko salama. Kama unaguswa mabega yote mawili, ondoka sasa hivi, usisubiri wimbo uishe. Ukiona umati unakuyumbisha kama wimbi, miguu haiendi unakotaka, hapo umeshachelewa: mikono yote miwili mbele ya kifua kama bondia upate nafasi ya kuvuta pumzi, usipige kelele ovyo hifadhi hewa, usishindane na wimbi, likitulia sogea kwa mshazari kutafuta pembeni. Kitu kikianguka, simu au chochote, usiiname. Mtu akianguka muinueni palepale.

mama_wawili:
Na watoto wasiende huko mbele hata kwa dakika moja, hata mabegani. Mtoto akiwa mabegani watu wa nyuma hawaoni na mkianza kubanwa huna mkono wa kujikinga.

MpendaNgoma:
Watoto hawaendi mbele, hilo limeisha. KijanaWaMbele wewe utaenda na wenzako, mtatukuta baadae. Sasa mvua je? Utabiri unasema manyunyu na radi jioni.

Besi Nzito:
Manyunyu hayana shida, makoti mepesi ya plastiki na mfuko wa simu. Miavuli mikubwa mbele za watu inaziba, tumieni tu mkiwa nyuma. Radi ndo usicheze nayo. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya 30 ondokeni muingie kwenye jengo la kweli au gari lenye bati juu, na mkae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti hapana, hemani hapana, karibu na vyuma vya steji au uzio hapana.

Kingine watu hawakijui, upepo ni hatari kuliko mvua. Steji ina paa, ina spika na taa zimening'inizwa juu, upepo mkali ukiingia pale unabeba. Indiana Marekani, Agosti 2011, paa la steji liliangushwa na upepo wa dhoruba kabla bendi haijapanda, watu 7 wakafa. Kwahiyo ukiona anga limekuwa jeusi upande mmoja, vumbi linaanza kunyanyuka na mapazia ya steji yanapiga, sogeza familia mbali na steji na mahema hata kama MC bado anachekesha watu. Usingoje kutangaziwa.

FundiMixa:
Hapo naongezea: mkisikia tumezima sauti ghafla na mafundi wanashuka kutoka juu haraka, hiyo ni ishara tosha.

Chaji Kamili:
Wakuu hamjagusa simu. Watu elfu kadhaa kwenye mnara mmoja, intaneti inakufa jioni, ujumbe wa kwenye makundi hauendi, simu inaita haipokelewi. Meseji ya kawaida ile ya zamani inapenya hata pale data imegoma, kwahiyo kubalianeni kabisa mtatumiana meseji za kawaida, fupi, ziwe na saa ndani: "saa 12 na robo tuko mti mkubwa kulia kwa mixa". Usiandike "niko hapa" tu, ikifika baada ya nusu saa haina maana.

Ratiba na ramani pigeni skrinshoti mkiwa nyumbani, tiketi vilevile. Simu inayohangaika kutafuta mtandao inakula chaji balaa, msipoihitaji iwekeni kwenye hali ya ndege. Pawabenki moja ya familia, ibebwe na mtu mmoja anayejulikana.

Na mkubaliane sehemu mbili za kukutana, sio moja. Ya kwanza ndani ya uwanja, kitu kisichohama na kinachoonekana, msiseme "kwenye lile hema jeupe" mahema meupe yako kumi. Ya pili nje ya geti, ikitokea watu wametolewa uwanjani.

MpendaNgoma:
Safi sana. Swali la mwisho kubwa: kuondoka. Mke wangu anasema tutoke kabla ya wimbo wa mwisho tuwahi usafiri, mi nataka tumalize. Mnasemaje?

KijanaWaMbele:
Mnamaliza! Wimbo wa mwisho ndo wenyewe.

NesiWaZamu:
Na bi mkubwa na mtoto wa miaka 4, mimi niko na shemeji. Saa mbili kamili uwanja mzima unaelekea geti moja, giza, watu wamechoka, wengine wamelewa, ni wakati mbaya sana wa kuwa na mtoto anayesinzia na mama mwenye fimbo.

Besi Nzito:
Mnaweza mkapata vyote. Kuna njia mbili: ama mnaondoka dakika 20 kabla, ama mnamaliza halafu MNAKAA. Yaani wimbo ukiisha hamsimami. Mnabaki kwenye mkeka wenu karibu na mixa, mnamalizia chakula, mnakusanya taka zenu, mafundi wanakunja waya, baada ya dakika 30 au 40 geti liko wazi mnapita mkiongea. Kinachoua ni kutoka katikati, pamoja na kila mtu. Nauli ya kurudi na ya dharura itenge asubuhi kwenye mfuko mwingine, na usafiri uuliziwe kabla, sio saa mbili usiku.

Ila kama una wasiwasi na bi mkubwa, gawanyikeni. Atakuwa ameshasikia kwaya zake tangu saa tano, sidhani kama bendi ya usiku anaihitaji. Muulizeni yeye mwenyewe lakini, msimwamulie.

MpendaNgoma:
Nimemuuliza sasa hivi nikiwa naandika. Anasema kwaya atakaa mpaka iishe, ngoma pia anataka kuziona kwa sababu kuna mtoto wa jirani anacheza, baada ya hapo arudishwe nyumbani akapumzike kabla jua halijazama. Kaka yangu mdogo atakuja kumchukua saa kumi na moja na ataondoka na wa miaka 4 pia. Hapo mke wangu naye karidhika.

Kwahiyo iko hivi: saa nne na nusu tuko getini, tunawaonyesha watoto walinzi na vyoo, mkeka upande wa mashariki wa mti nyuma ya mixa, kwaya tunakaa wote mbele ya steji ndogo na tunapiga makofi mpaka mwisho. Saa saba kula kabla ya foleni, saa nane mdogo analala, mimi na wa miaka 9 tunaenda kutazama wanaochana kwa zamu na mama yake. Saa tisa ngoma, wote. Saa kumi na moja bi mkubwa na mdogo wanaondoka. Tuliobaki vizibo masikioni, bendi kubwa kutokea kwenye mixa, tunamaliza na tunakaa. Radi ikija tunaacha kila kitu. Kuna nilichosahau?

mama_wawili:
Nguo ya kubadilisha ya mdogo, na sweta za jioni kwa watakaobaki, mtu aliyetoka jasho mchana akipigwa na upepo wa usiku anasikia baridi sana. Mengine uko vizuri.

NesiWaZamu:
Kiti cha bi mkubwa. Mkeka kwa mtu mzima mwenye magoti ni mateso, kushuka na kunyanyuka kila kwaya ikibadilishana. Ulizeni waandaaji kama viti vya kukunja na chupa za maji za kutoka nyumbani vinaruhusiwa getini. Sehemu nyingi chupa tupu inapita, unaijaza ndani, ila usibahatishe.

MpendaNgoma:
Nimewatumia ujumbe. Wamejibu kiti ruksa ila kikae nyuma ya mstari wa mixa kisizibe watu, chupa tupu ruksa, bomba la maji liko karibu na hema la huduma ya kwanza. Asanteni sana wakuu, na mtakaokuwepo saa tano njooni steji ndogo, kwaya ya kwanza ni ya wamama na nimesikia wanafungua na wimbo waliotunga wenyewe.